Tabu, Malaika, Lulu au Imani? Jina la mtoto wa Hamburg mwenye bibi Tanga

Mdogo wangu anaishi Hamburg. Mkewe, wifi yangu, ni mzaliwa wa Bujumbura, na wanatarajia mtoto mwezi ujao. Sisi ni Waislamu wa Tanga, kwao ni Wakatoliki. Mtoto huyo hajafumbua macho lakini tayari lugha nne zinamsubiri: Kiswahili cha nyumbani, Kirundi cha mama yake, Kijerumani cha chekechea, na Kiarabu cha majirani zao Wasyria wa ghorofa ya chini, ambao Ramadhani nzima hupandisha sahani ya futari na kushuka na sahani ya vitumbua.

Mimi ndiye shangazi, na kwetu shangazi husikilizwa jina linapotafutwa. Nimeombwa nilinganishe majina yaliyofika kwenye grupu la familia. Nimeona niandike kwa kirefu, maana najua wazazi wengi wako kwenye njia panda hiyohiyo, wawe Minneapolis, Muscat au London, au hapahapa Dar es Salaam ambako baba ni Mhaya na mama ni Mmakonde.

Yaliyofika ni haya. Kwa msichana: Tabu, Malaika, Lulu, Asha, Zawadi, Imani. Kwa mvulana: Juma, Amani, Baraka. Liko pia jina la Kirundi ambalo mama mkwe wa mdogo wangu ameliweka moyoni na hajalitamka. Muda ni mfupi: sheria ya Ujerumani inataka uzazi uandikishwe ndani ya wiki moja, na kwetu jina hutolewa siku ya saba, siku ya akika. Serikali na sunna wamekutana siku moja.

Tabu

Nianze na hili kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Baba yetu, babu wa mtoto, ndiye anayelitaka. Ni jina la mama yake, na kwetu mjukuu akirithi jina la bibi, yule mwenye mama hamwiti tena kwa jina. Humwita "mama". Mzee wa miaka sabini na kitu anamwambia mtoto wa miaka miwili, "Mama, umekula?" na hakuna anayecheka, kwa sababu kila mtu anaelewa ni nani anayesalimiwa. Anayelikataa jina hili ajue anamnyima mzee neno hilo moja.

Kwa sikio la Kiswahili, Tabu halina kasoro. Limo katika kundi la Shida, Mashaka, Sikujua na Matatizo, majina waliyopewa watoto waliozaliwa kwa uchungu mrefu, au mwaka wa njaa, au nyuma ya ndugu waliotangulia mbele ya haki. Jina lilikuwa kumbukumbu ya nyumba. Anayelibeba hakuwa mtu wa taabu. Alikuwa mtu aliyeishinda taabu ya siku ile. Upande wa Kongo limepata hata fahari. Pascal Tabu, mwimbaji wa rumba, Mobutu alipopiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu mwaka 1972, alibaki na Tabu, akaongeza Ley, na kwa jina hilo Afrika nzima ikamjua.

Likivuka Bahari ya Hindi linageuka sura kabisa. India yuko mwigizaji mashuhuri anayeitwa Tabu, na kwake ni kifupi cha Tabassum, neno lilelile la Kiarabu lililotupa sisi "tabasamu". Kwa hiyo herufi nne hizohizo Tanga zinasema taabu, na Mumbai zinasema tabasamu.

Hamburg sasa. Kwa Kijerumani, "Tabu" ni mwiko, jambo lisilotajwa mbele za watu. Linaandikwa hivyohivyo na kutamkwa karibu hivyohivyo. Mtoto ataandikwa Tabu kwenye kibanio cha koti lake chekechea, na kila mzazi atakayepita atasoma "mwiko". Si tusi, lakini ni swali atakaloulizwa kila siku ya maisha yake kule, na mtoto wa miaka minne hana ufundi wa kueleza mambo ya bibi aliyezaliwa kwa shida ng'ambo ya pili.

Hukumu yangu: Tabu lisitupwe, liwe jina la pili. Cheti cha kuzaliwa kina nafasi ya majina zaidi ya moja. Baba atapata mama yake, na mtoto hatalazimika kujieleza mlangoni.

Kuna binamu aliyeuliza kwenye grupu, kwa nini tung'ang'anie majina ya dhiki wakati watu wanayabadilisha? Akatoa mfano wa Siti binti Saad. Mfano ni mzuri na niurefushe kidogo. Mwimbaji huyo wa taarabu alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Zanzibar ya wakati ule hilo halikuwa fumbo. Utumwa ulikuwepo, na jina lilimweka mtu mahali pake kabla hajafungua kinywa. Sauti yake ilipompandisha, watu wakamwita Siti, yaani bibi, mwanamke wa heshima, na ndilo jina lililoandikwa kwenye santuri alizorekodi Bombay kuanzia mwaka 1928. Mtumwa akawa Bibi. Sijui mfano mwingine katika lugha yetu unaoonyesha wazi hivyo uzito wa jina moja ukivuliwa na jingine likivishwa.

Lakini hata Siti lenyewe lina safari zake. Malaysia na Indonesia limejaa. Mwimbaji Siti Nurhaliza ni mmoja tu kati ya wanawake wasiohesabika wanaoliita lao. Kwetu bara, kijana wa leo akisikia "siti" anafikiria kiti cha daladala: siti ya dirishani, siti ya mbele. Neno la Kiingereza limekuja likalikalia neno la Kiarabu. Ndiyo maana, pamoja na mapenzi yangu yote kwa binti Saad, silipendekezi kwa mtoto wa sasa.

Malaika

Hili ndilo lililokuwa mbele wiki ya kwanza, na kwa Ujerumani lina faida ambayo hakuna jina jingine linayo. Malaika Mihambo, mrukaji wa mbali aliyezaliwa Heidelberg mwaka 1994, baba yake akiwa mtu wa Zanzibar, aliruka mita 7.30 na kuwa bingwa wa dunia Doha mwaka 2019, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa mita 7.00. Mjerumani mpenda michezo anajua kulitamka, anajua kuliandika, na likitajwa anafikiria bingwa wa nchi yake. Hilo ni jambo kubwa. Jina la kigeni likishabebwa na mtu anayependwa, wanaofuata hukuta mlango uko wazi.

Mwarabu atalisikia kwa namna ya pekee: kwao "malaika" ni wingi, malaika wengi, na msichana mmoja huitwa Malak. Atatabasamu, ataelewa. India nako ni jina la kike linalojulikana.

Kiswahili chenyewe ndicho chenye mikunjo. Malaika wa mbinguni tunamjua. Malaika pia ni vile vinyweleo laini vya mwilini, vinavyosimama baridi ikipiga. Na malaika ni mtoto mchanga aliyefariki. Ndivyo tunavyowafariji wazazi, kwamba wana malaika wao huko mbele. Wifi yangu alipoteza mtoto wa kwanza, akiwa na wiki chache tu duniani. Jina lilipofika kwenye grupu na watu wakaanza kulipigia makofi, aliandika mstari mmoja: "Wangu wa kwanza tayari ni malaika." Hakuna aliyeongeza neno.

Kwa nyumba nyingine ningelipendekeza bila kusita. Kwa nyumba hii, hapana.

Lulu, Asha, Zawadi

Haya nayapitia haraka kidogo, maana kila moja lina kikwazo kimoja kinachojulikana.

Lulu ni tamu kwa Kiswahili. Kito cha baharini, neno la Kiarabu, na mwigizaji wetu Elizabeth Michael amelifanya lijulikane kila nyumba yenye televisheni. Lakini kwa Kijerumani cha watoto wadogo "lulu" ni mkojo. Mwalimu wa chekechea humwuliza mtoto kama anataka kwenda "lulu". Sina la kuongeza. Uingereza ningelichagua, Muscat ningelichagua, Hamburg sitaki.

Asha ni Aisha aliyekaa pwani hadi akawa wa pwani. Maana yake ni uhai. Lina watu wa kulibeba vizuri. Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, na jina lake lilisomwa kwenye mikutano ya dunia bila mtu kujikwaa. Kwa Kihindi Asha ni tumaini, kwa hiyo Asha wa Mumbai na Tumaini wa Moshi ni wajina kwa maana ingawa si kwa sauti. Kijerumani kinalisikia karibu na neno lao la majivu, "Asche". Tofauti ni irabu moja ya mwisho, nayo wao huimeza. Kikwazo ni kidogo, na ningeweza kuishi nacho, ila baada ya kulisema mara kumi kwa sauti ya Kijerumani nilianza kuyasikia majivu na sasa siwezi kuacha kuyasikia.

Zawadi halina maana mbaya popote ninapopajua. Tatizo lake ni mdomo. Mjerumani husoma Z kama "ts" na W kama "v". Zawadi atakuwa Tsavadi. Na hapa niwape wazazi wa kule kanuni iliyonisaidia: kwa Kijerumani S inayotangulia irabu husomwa kama Z yetu, hivyo Subira atakuwa Zubira na Salama atakuwa Zalama, J husomwa kama Y, hivyo Juma atakuwa Yuma na Jamila atakuwa Yamila. Neema atavutwa irabu moja ndefu akawa Nema, wakati Mwingereza atamwita Nima, jina ambalo Iran ni la wanaume. Majina yanayopita salama kabisa ni yale yenye M, N, B, L, K na irabu zetu za kawaida. Angalieni wenyewe ni mangapi kwenye orodha yetu.

Imani

Jina hili nililipuuza mwanzoni. Nililiona la kawaida mno, madarasani Imani huwa hakosekani. Nilipoanza kulipitisha lugha kwa lugha, lilikuwa ndilo pekee lililotoka kila upande bila kuchubuka.

Mjerumani analisoma kama tulivyoliandika. Halifanani na neno lolote baya la kwao. Mwarabu analijua kama Iman, jina la kike, na maana ni ileile. Msomali analijua, mwanamitindo Iman amelipeleka kwenye majarida ya dunia tangu miaka ya 1970. Marekani lina historia yake: mwaka 1966 Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa aliipa misingi saba kwa maneno ya Kiswahili, na wa saba ni imani. Tangu hapo wasichana wa Kimarekani Weusi wameitwa Imani na Nia kwa maelfu, wengine wakiwa hawajawahi kukutana na Mswahili hata mmoja. Mtoto wetu akifika Chicago atapata wajina.

Kwa Kiswahili lina tabaka mbili, na ya pili ndiyo iliyonishika. Imani ni kumwamini Mungu, sawa. Lakini tukimsema mtu hana imani, mara nyingi tunamaanisha hana huruma. "Kampiga mtoto vile, hana hata imani." Kwa hiyo Imani ni mwenye moyo wa kuhurumia, na maana hiyo haimo kwenye Kiarabu cha Iman. Ni yetu, tumeiongeza sisi.

Na kuna jambo la dini, ambalo kwa nyumba ya Mwislamu na Mkatoliki ni kubwa kuliko wanavyokiri. Fatuma na Hadija yanatangaza dini mlangoni. Maria-Goreti na Scholastica vilevile. Imani, Amani, Baraka, Neema, Rehema, Tumaini hayatangazi. Msikitini yamo na kanisani yamo. Amani Abeid Karume alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Nenda Bukavu au Goma uone ni waumini wangapi wa parokia wanaoitwa Amani. Bibi wa Tanga na bibi wa Bujumbura wote watamwita mtoto Imani, na hakuna atakayehisi amemezwa na mwenzake.

Mama mmoja wa grupuni aliuliza, kama ni imani, kwa nini tusimwite Faith? Najua majina ya Kiingereza yamejaa. Kilimanjaro na Arusha kuna akina Happiness, Gladness, Witness na Godlisten kila mtaa, na ni watu wazima wenye heshima zao. Ninachosema ni kwamba Neema ni Grace, Furaha ni Joy, Tumaini ni Hope, Imani ni Faith. Mwingereza akimsikia Grace hashtuki, akimsikia Gladness anauliza mara mbili, na hali maana zinakaribiana. Tofauti si maana, ni mazoea yake. Kwa nini mtoto wetu apimwe kwa mazoea ya mtu mwingine wakati neno lenyewe tunalo?

Ikiwa mvulana

Juma ni jina la siku, aliyezaliwa Ijumaa. Tanzania ukimsikia Juma utadhani Mwislamu moja kwa moja. Kenya ya magharibi usithubutu kudhani: huko Juma ni jina la Waluhya na Wajaluo wa madhehebu yote, na Profesa Calestous Juma aliyefundisha Harvard alikuwa mtu wa Busia. Neno moja, mpaka mmoja, dhana mbili. Hamburg atakuwa Yuma na hilo nimeshalisema.

Amani nalipenda. Lakini kwa Kiarabu "amani" ni wingi wa matamanio, mambo mtu anayoyatumainia, na ni jina la mwanamke. Majirani wa ghorofa ya chini watamwuliza mdogo wangu kama binti yake hajambo. Si aibu, ila mvulana wa miaka kumi na mitatu huenda asilichukulie kirahisi.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo wazazi wa ughaibuni hulisahau. Kiswahili hakiulizi jinsia. "Amekuja", "anacheka", "yeye", mtoto wa kiume na wa kike wote wamo. Ndiyo maana Bahati, Tumaini na Amani yanakaa kwa yeyote bila kusumbua. Sentensi haitulazimishi tuchague. Kijerumani kinalazimisha kila unapofungua mdomo, na anayeandika barua bila kumwona mtu hukisia kwa herufi ya mwisho. Ikiishia na "a", anaandika kama kwa mwanamke. Mdogo wangu anasema wanaume wa kwetu wenye majina kama Issa na Musa wamezoea barua za namna hiyo. Kwa hiyo Juma na Baraka yana tatizo hilohilo, yasemwe ukweli.

Hata hivyo Baraka ndilo ninalolipa kura. Linapita jirani na neno la Kijerumani la banda la mbao, "Baracke", nimelipima hilo pia. Ila Barack Obama, ambaye jina lake na la baba yake Mjaluo ni neno hilihili la Kiarabu, alihutubia umati mkubwa Berlin mwezi Julai 2008, na Mjerumani wa leo akiona Baraka anamfikiria yeye kabla ya banda. Kwa jina hili sina uhakika kama nilio nao kwa Imani. Ningekuwa Muscat ningelichukua bila swali.

Majina yenye kivuli

Mjomba mmoja alipendekeza Kevin. Kenya na Tanzania Kevin ni kijana nadhifu, mara nyingi mcheza mpira. Ujerumani lilishika nafasi ya kwanza kwa wavulana mwaka 1991, kisha likageuka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha walimu wa shule za msingi wakihusisha jina hilo na watoto watukutu na wasiofanya vizuri, kabla ya kumwona mtoto mwenyewe. Mtoto mweusi wa Hamburg atakuwa na dhana za kutosha za kupambana nazo bila sisi kumwongezea hiyo.

Adolf ni mfano mzito zaidi. Kwetu lililetwa na wamisionari kama jina la mtakatifu, na limekaa kwa amani. Profesa Adolf Mkenda aliteuliwa Waziri wa Elimu wa Tanzania mwaka 2022 na hakuna mtu nchini aliyeliona jina lake kuwa habari. Ujerumani tangu 1945 jina hilo karibu limezikwa. Idi nalo: Tanzania ni mtoto wa sikukuu, basi. Uganda, na kwa wageni waliosoma historia ya 1971 hadi 1979, kuna mtu mmoja anayesimama mbele ya kila Idi mwingine. Jina halina kosa lolote, lakini mtoto ndiye atakayelieleza.

Walio Marekani wana hesabu yao. Mwaka 2004 watafiti Bertrand na Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio la Boston na Chicago: walituma barua za maombi ya kazi karibu elfu tano, sifa zikilingana, majina yakitofautiana. Zenye majina kama Emily na Greg ziliitwa mara moja kwa kila barua kumi. Zenye majina kama Lakisha na Jamal, mara moja kwa kila barua kumi na tano. Jamali kwetu ni uzuri, ni jina la mtoto wa watu. Nilipolisoma hilo niliumia. Wapo wanaosema basi tuwape watoto majina ya Emily na Greg. Mimi naona kosa ni la anayesoma barua, na sitamvua mtoto jina kwa ajili yake. Lakini mzazi anayeamua vinginevyo simlaumu, anajua njia mtoto wake atakayopita.

Jina la Kirundi na jina la mwisho

Mama mkwe ana haki yake, na hapa wengi wa kwetu hawaelewi. Burundi na Rwanda kwa desturi hakuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi au Kinyarwanda, na ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina ya mwisho tofauti kabisa: Iradukunda, Mungu anatupenda, Ndayishimiye, ninamshukuru, Nkurunziza, habari njema. Yapo pia yanayobeba manung'uniko ya nyumba na majirani wa zamani. Kila jina ni sentensi nzima iliyosemwa na wazazi siku ile.

Sisi tuna mtindo wetu: jina lako, la baba, la babu. Kwa hiyo jina la babu likifika kwenye fomu za Ulaya hugeuka kuwa jina la familia, na mtoto, mke na wajukuu wataitwa hivyo milele. Jina lililotolewa siku ya akika Tanga zamani zile sasa limeandikwa kwenye kengele ya mlango Hamburg.

Kwa hiyo mtoto wetu atakuwa na jina la mwisho kutoka kwa babu, bila kuchagua. Ushauri wangu ni kwamba la Kirundi liingie kwenye cheti kama jina kamili, hata kama ni refu. Mjerumani atajifunza. Watu wamejifunza majina marefu kuliko hayo kwa sababu ya mpira.

Na kwa vyovyote, tahajia iwe moja. Hili nimelipata kwa machungu yangu mwenyewe. Jina langu liliandikwa kwa "kh" kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa "h" kwenye cheti cha shule, na siku nilipoomba pasi nilizungushwa madirisha matatu, nikaapa kiapo mbele ya wakili kwamba watu hao wawili ni mimi. Fatuma au Fatma au Fatima, Nassor au Nasser, chagua moja na uligande. Afisa wa Muscat atataka kulisahihisha liwe la Kiarabu. Mwambie ndivyo lilivyo.

Kura yangu

Msichana: Imani Tabu, kisha la Kirundi, kisha la babu. Mvulana: Baraka, na la Kirundi, na la babu.

Mwenye neno la mwisho ni wifi yangu, si mimi, kwa sababu moja ambayo mdogo wangu hakuifikiria. Jina la kwanza la mzaliwa wa kwanza anayeishi ndilo litakalokuwa jina lake yeye. Akija Tanga, hakuna jirani atakayemwita lile alilobatizwa nalo. Ataitwa Mama Imani sokoni, Mama Imani msibani, Mama Imani hadi nywele ziwe nyeupe. Nilimwambia asimame jikoni kwake aliseme kwa sauti, mara nyingi, kama anavyoitwa na mtu wa ng'ambo ya barabara. Akanijibu baadaye kwamba lilimkaa.

Nilituma haya yote kwenye grupu jana usiku. Baba si mtu wa kuandika. Asubuhi nilikuta ujumbe wake wa sauti, sekunde nne, akimwuliza mdogo wangu, "Mama yangu hajambo huko?"